Nafasi ya Inchi Moja

Hebu jenga picha ya chumba kimoja kwenye ghorofa ya tatu, Fordsburg, Johannesburg. Ni Jumamosi mchana, mwezi wa nne mwaka 2017. Jua limelala juu ya meza ya plastiki. Chini barabarani wauza mashuka wanagombania wateja, na harufu ya sambusa inapanda ngazi hadi mlangoni. Kwenye meza amekaa mwanamke, mkononi ana mkasi mdogo wa kukatia nyuzi. Itazame mikono yake. Ule ulioshika mkasi umetulia mahali pamoja, unafumbua na kufumba tu. Kinachozunguka ni karatasi. Inageuzwa taratibu na mkono wa kushoto, na vipande vidogo vinaanguka mapajani mwake kama maganda ya karanga.

Huyo ndiye Thérèse, fundi wa nguo kutoka Bukavu. Siku tano za wiki alishona katika duka la Bibi Mwatumu, mama wa Kitanga aliyekuwa na cherehani nne na mdomo usiopumzika. Jumamosi mchana alikata karatasi. Hakuuza wala kumfundisha mtu. Alichukua mabaki ya karatasi ya kaki, ile ya kuchorea patani za nguo, akakata ndege, majani ya mgomba, mitumbwi ya ziwa la kwao, kisha akabandika kwenye vioo vya dirisha. Jua likipita, ukuta wa pili ulijaa vivuli.

"Wewe Tereza," Bibi Mwatumu alimtania siku moja, "wenzio wanakata wanapata sketi. Wewe unakata unapata matundu."

"Matundu njo yanaonekana, Bibi," Thérèse alijibu kwa Kiswahili cha kwao. "Karatasi ni ya kuyashikilia tu."

Bibi Mwatumu alicheka mpaka akapaliwa na chai. Thérèse hakucheka. Aliendelea kuzungusha karatasi.

Hakuwa mkali, wala hakuwa na maringo. Tangu mwezi wa sita wa mwaka uliotangulia, hakuna kitu kilichomfikia. Mwezi huo binti yake mkubwa, Victoire, mwenye miaka saba, aliugua kifua siku nne na siku ya tano akazikwa. Thérèse hakulia hospitalini, hakulia makaburini. Watu walisema ni nguvu ya imani. Haikuwa nguvu. Siku moja dukani aliweka kiganja juu ya pasi ya moto, na aliyepiga kelele ni mwenzake wa cherehani ya pili. Yeye alikitazama kiganja, akakiona kimebadilika rangi, akaendelea na pindo.

Mumewe, Octave, alikuwa mlinzi kule Sandton. Aliondoka kabla jua halijatoka na kurudi limezama. Alikuwa mtu wa maneno machache, na sasa hata hayo yalikuwa yamepungua. Mbali nao alibaki mtoto mmoja, Sagesse, wa miaka mitano. Sagesse alizaliwa hapa hapa. Kiswahili cha wazazi wake alikielewa chote, lakini alijibu kwa Kiingereza, na akiwa na wenziwe ngazini, kwa Kizulu. Aliyekuwa akisema Kiswahili cha Bukavu ndani ya nyumba ile, tena kwa sauti ya kugombeza kama bibi kizee, ni Victoire.

Sasa misa ya mwaka ya kumkumbuka Victoire ilikuwa inakaribia. Kwa desturi yao, baada ya misa watu hurudi nyumbani kwa wafiwa, wakala pamoja, na juu ya meza huwekwa mshumaa na picha ya marehemu. Picha ya Victoire haikuwepo. Zote zilikuwa ndani ya simu moja, na simu hiyo ilikwapuliwa mtaani Newtown wiki mbili baada ya mazishi. Siku ya kupigwa picha shuleni, Victoire alikuwa amelala na homa.

"Tutaweka mshumaa peke yake," alisema Octave.

Thérèse alifikiri siku mbili. Kisha akachukua daftari lake la vipimo.

Fundi hamsahau mtu aliyempima. Katika daftari, kati ya mabibi harusi na wanakwaya, kulikuwa na ukurasa wa Victoire, wa sketi ya shule iliyoshonwa mwezi mmoja kabla hajaugua. Kimo, inchi arobaini na saba. Bega, kifua, kiuno, urefu wa mkono. Hata unyayo ulikuwepo. Alimsimamisha juu ya ukurasa na kuuzungushia penseli, ili Octave aende nao sokoni kununua viatu.

Alikunjua karatasi ya kaki sakafuni, ndefu kuliko mtoto. Akachora kwa penseli mstari wa mwili, kipimo kwa kipimo, bila kubahatisha hata kimoja. Akatoboa ndani kwanza, kwa wembe, kama ilivyo kanuni ya kazi hiyo, kwa maana ukianza na nje karatasi inakosa nguvu. Akatoa misuko ya nywele, maua ya gauni, kope zilizoinama. Mwisho akachukua mkasi mkubwa akazunguka nje, kuanzia utosini mpaka unyayo mmoja, unyayo wa pili, na kurudi utosini.

Alipomaliza aligundua kosa.

Hakuwa amekata juu ya mstari. Mkono wake ulikuwa umekata nje ya mstari, kwa umbali uleule pande zote, inchi moja kamili. Ilikuwa nafasi ya mshono. Mkono wa fundi huiacha bila kumuuliza mwenyewe. Na katika nguo ya mtu mzima huacha nusu inchi. Inchi nzima huachwa kwenye nguo ya mtoto tu, ikunjwe kwa ndani, ili mwakani iachiwe, nguo iongezeke. Kwa sababu mtoto anakua.

"Nitaipunguza kesho," alijiambia.

Akambandika Victoire kwenye mlango wa kabati, uso kwa uso na kitanda cha Sagesse. Kesho ilipofika alikuwa amechoka. Na kesho kutwa pia.

*

Wiki ya pili, Sagesse alivaa sweta la shule na vidole vyake havikuonekana. Mikono ya sweta ilikuwa imevifunika.

Sweta limevutika, aliwaza Thérèse. Akakunja mikono.

Wiki ya tatu, sketi ilimteleza mtoto kiunoni alipokuwa akishuka ngazi. Thérèse aliichukua dukani, akaipunguza pande zote mbili, akaipiga pasi, akairudisha. Wiki ya nne aliipunguza tena. Mkono ulijua la kufanya, na yeye aliuacha ufanye. Sagesse alikula vizuri, hakuwa na homa, hakukohoa. Alikuwa amenyamaza tu. Hakukimbia tena ngazini. Akitoka shule alikaa kitandani, miguu ikining'inia, akiitazama karatasi iliyo mlangoni mwa kabati.

Wiki ya tano, sketi ileile ilirudi mezani. Safari hii Bibi Mwatumu aliishika yeye. Akaigeuza ndani nje, akaziona nyuzi za zamani na za karibuni.

"Tereza. Hii ni mara ya ngapi?"

"Ya tatu, Bibi."

"Na mtoto umempima?"

Thérèse aliishika tepu iliyoning'inia shingoni mwake. Alikuwa amepima sketi.

Wakampima palepale dukani, alipoletwa kutoka shule. Bibi Mwatumu alimsimamisha ukutani na kushusha tepu. Katika daftari, mwezi wa pili, Sagesse alikuwa na kimo cha inchi arobaini na mbili. Bibi alisoma tepu. Akaiondoa, akaanza upya kuanzia chini. Akasoma tena.

Inchi arobaini na moja na robo.

"Simama vizuri, mwanangu," alisema Bibi Mwatumu, na sauti yake haikuwa na mzaha wowote. "Simama wima."

Sagesse alikuwa amesimama wima.

*

Ijumaa wakampeleka kliniki. Nesi alimpima uzito, akamtazama macho na ulimi, akasema mtoto hana ugonjwa, apewe mayai na maziwa. Huenda waliokosea ni wao waliompima mwanzo. Thérèse aliitikia kwa kichwa. Alikuwa amepima watu kwa miaka kumi na minane.

Jumapili asubuhi Octave alikuwa kazini. Thérèse alimkalisha mtoto kitandani ili amvue soksi, wakaoge kwa ajili ya kanisa. Soksi ya kushoto haikutoka. Ilikuwa imekamatwa na kitu.

Aliinua mguu.

Kwenye unyayo, katikati, kulikuwa na kichwa cha pini. Pini ya kushonea, yenye kichwa cha njano. Ilikuwa imezama yote. Soksi ilikuwa ya jana, mtoto alilala nayo.

"Ulikanyaga hii lini?"

Sagesse aliinua mabega.

Thérèse aliivuta. Ilitoka polepole, ndefu, kavu. Hakuna damu. Mtoto hakuvuta mguu, hakukunja uso. Alimtazama mama yake kama vile mtu anavyomtazama fundi akitoa pini kwenye nguo ya mtu mwingine.

Ndipo Thérèse alipogeuka akaitazama karatasi. Aliitazama kweli, kwa mara ya kwanza baada ya wiki tano.

Mstari wa penseli ulikuwa umehama.

Alisogea. Alichukua tepu. Kichwani, kati ya mstari na ukingo, ilibaki robo inchi. Begani, robo. Kiunoni, robo. Mwili ulikuwa umeijaza nafasi yake, taratibu, kila upande sawasawa, kama mtoto anavyolijaza gauni la sikukuu. Akapiga magoti apime miguu. Mguu wa kulia, robo inchi. Mguu wa kushoto, hakuna. Mstari ulikuwa umefika ukingoni, umekwisha.

Na katikati ya unyayo wa kushoto palikuwa na doa. Dogo. Jekundu. Bado bichi.

Alitakiwa kupiga kelele. Alijua hivyo, kama unavyojua kwamba leo ni Jumapili. Badala yake alichukua simu akampigia Bibi Mwatumu, akasema kwa sauti ya kuagiza uzi, "Bibi, njoo. Njoo sasa hivi."

*

Bibi Mwatumu alifika karibu saa sita mchana, akapanda ghorofa tatu bila kupumzika. Alisimama mbele ya kabati, mtandio mkononi, akihema. Hakuuliza ni nani. Alipitisha kidole kwenye ukingo wa karatasi bila kuugusa.

"Ulimwachia ngapi?" alinong'ona.

"Inchi."

"Inchi ya mtoto."

"Ni mkono wangu, Bibi. Mimi sikutaka. Ni mkono tu."

"Najua." Bibi alimtazama Sagesse pale kitandani, soksi moja mguuni. "Umemwachia nafasi ya kukua, Tereza. Naye anakua. Lakini hana chakula chake mwenyewe. Anakula cha nani?"

Thérèse naye aligeuka. Wote wawili walikuwa wanamtazama Sagesse.

"Chukua mkasi," Bibi alinong'ona. "Kata juu ya mstari. Leo, kabla haujafika mwisho."

"Nikikata, atabaki hivyo hivyo. Hatakua tena."

"Hatakua tena, mwanangu."

"Kata wewe."

"Mimi sikumpima. Hanijui."

Nje, adhana ya adhuhuri ilianza. Chumba kilikuwa na mwanga mweupe, mwanga wa kawaida wa mchana, unaoonyesha hadi vumbi la chini ya kitanda. Thérèse alimtoa Victoire mlangoni. Karatasi ilikuwa nzito. Aliilaza mezani, na miguu ikapita mwisho wa meza, ikaning'inia.

Akaanzia utosini.

Mkasi haukutoa sauti ya karatasi. Ulitoa sauti ya kukata kitambaa kibichi. Ukanda mwembamba ulitengana na kuanguka. Kitandani, Sagesse alivuta pumzi kwa nguvu, kama mtu aliyeibuka majini.

Akakata shingoni. Begani. Mkononi.

Kidole kwa kidole.

Aliizungusha karatasi, mkasi akautuliza. Hivyo ndivyo alivyojua kukata. Kila ukanda ulioanguka ulijikunja, kisha ukajikunjua, kisha ukatulia. Bibi Mwatumu aliuokota kwa ncha za vidole na kuutia mfukoni. Midomo yake ilikuwa ikisoma kitu.

Kiunoni. Nyonga. Goti. Mguu wa kulia, mpaka chini, na unyayo wake.

Ukabaki mguu wa kushoto.

Pale hapakuwa na cha kukata. Nafasi ilikuwa imekwisha, mstari ulikuwa ukingo wenyewe. Ili kuutenga mguu ule, ilibidi aingie ndani. Ndani ya mstari. Ndani ya unyayo aliouzungushia penseli yeye mwenyewe, mtoto akicheka kwa mtekenyo.

"Kata," alinong'ona Bibi.

"Hapa ni yeye. Hii si nafasi. Ni yeye."

"Kata, Tereza."

Thérèse aliweka ncha ya mkasi kwenye kisigino. Akabana kidogo.

"Mama! Uko naniumiza!"

Sauti ilijaa chumba. Sagesse alikuwa amesimama juu ya kitanda, mdomo wazi, mikono yote miwili imekamata mguu wa kushoto. Mtoto hakuwa na maneno wiki nzima. Na hakuwahi, tangu azaliwe, kumwambia mama yake sentensi nzima ya Kiswahili. Wala haikuwa sauti yake. Ilikuwa sauti ya kugombeza, ya bibi kizee mdogo, ya Bukavu.

Bibi Mwatumu alikaa chini sakafuni, taratibu.

Karatasi ilikuwa bado mdomoni mwa mkasi. Thérèse aliutazama. Kubana mara moja tu kungetosha. Alijua kungetosha. Alisubiri kitu kimwambie abane, au kimwambie asibane, na ndani yake hapakuwa na mtu wa kumwambia lolote.

Akauondoa mkasi.

Sagesse akaanza kulia. Safari hii alilia kwa sauti yake, kwa makamasi, na katikati ya kilio akadai juisi kwa Kiingereza. Thérèse alimbeba. Alingojea kulia na yeye. Machozi hayakuja. Alimshika tu, akausikia uzito wake, na akahesabu kwa mkono, kama fundi, kwamba kiuno kile hakijapungua zaidi.

*

Misa ya mwaka ilifanyika. Meza ilipata mshumaa, na nyuma yake Victoire wa karatasi, aliyekatwa vizuri, asiye na nafasi pembeni. Watu walisema amefanana mno. Mama mmoja wa kwaya alimgusa shavu akauondoa mkono haraka, akasema karatasi ina joto la mshumaa. Kesho yake Octave alimkunja, akampeleka makaburini, akamfukia palipo pake. Zile kanda nyembamba Bibi Mwatumu hakumwambia mtu alikozipeleka. Baadaye, kila alipoulizwa, aliomba chai.

Sagesse alirudi kukua. Mwezi wa tisa Thérèse aliiachia sketi mara moja, mwezi wa kumi na moja mara ya pili. Kelele zilirudi ngazini. Mwaka 2018 alianza darasa la kwanza, akawa mtundu, akatumwa kwa mwalimu mkuu mara mbili.

Isipokuwa mguu wa kushoto, ule ambao mkasi haukuutenga. Huo ulibaki wa mtoto wa miaka mitano. Kila mwezi wa kwanza Thérèse hununua viatu jozi mbili, moja kubwa na moja ileile ya siku zote. Daktari alipitisha sindano kwenye unyayo akamwuliza Sagesse kama anasikia. Sagesse, mwenye adabu, alimwuliza daktari kama ameshaanza.

Na kuna jambo la sakafu. Lilianza mwanzoni mwa mwaka 2019. Thérèse alikuwa amepiga deki chumba kizima asubuhi, akafunga mlango, akakaa ngazini na Sagesse kungojea kukauke. Alipofungua, palikuwa na nyayo. Zilitoka kwenye kabati hadi kitandani, na kutoka kitandani hadi mezani. Zote zilikuwa za kushoto, moja mbele ya nyingine, na katikati yake pakavu, hakuna ya kulia. Thérèse alipiga magoti akaweka tepu. Hazikuwa ndogo kama mguu wa Sagesse. Zilikuwa za msichana wa miaka kumi.

Alipima tena mwezi wa sita. Zilikuwa zimerefuka.

Octave anataka wahame. Thérèse bado hajaamua. Mara mbili au tatu jirani wa chumba cha pili amemsikia akipiga deki mahali palipokwisha kupigwa, asubuhi hiyohiyo.

Basi, ukienda kuwatembelea, na watakupokea vizuri, watakupa chai na kukuonyesha ndege wa dirishani, nakuomba ukumbuke jambo moja tu. Ukikuta sakafu imelowa, simama nje kidogo. Usiingie, na usichungulie. Ngoja ikauke kwanza.